Usimuulize Mwizi: Historia Fupi ya Kirusi Kisichotoka

Ukiacha simu za kuombwa mkopo, simu ninayopigiwa zaidi na ndugu na marafiki ni hii: "Kaka, kompyuta ya nyumbani ina virusi. Nimeskani, imesema iko safi, lakini bado inafanya vituko." Sijui nani aliwaambia watu kwamba anayeandika gazetini anajua kila kitu. Mimi si fundi. Ila nimesoma sana habari za virusi hivi, na kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawana muda wa kutueleza pale kwenye meza zao.

Jambo lenyewe ni hili. Virusi sugu karibu vyote vina tabia moja: vinaifundisha kompyuta kusema uongo. Unaiuliza "uko salama?", inajibu "niko salama, bosi." Na ukipitia historia utaona kwamba kila mara watu walipofanikiwa kuving'oa, walianza kwa kutafuta shahidi mwingine, aliye nje ya mashine ile. Kule chumba cha habari tunaambiwa kila siku kwamba chanzo kimoja hakitoshi, tena hasa kama chanzo chenyewe ndiye mtuhumiwa. Kumbe somo ni lile lile.

Haya, twende taratibu.

Lahore, 1986

Mwaka 1986 mjini Lahore, Pakistani, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walikuwa na biashara ya kompyuta na waliuza programu yao ya mambo ya tiba. Kwa maelezo yao, walichoshwa na watu wanaoinakili bila kulipa. Wakatengeneza kijiprogramu kilichokuja kujulikana kama Brain, ambacho hutajwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM PC kusambaa duniani. Ndani yake waliweka majina yao, anwani ya duka na namba za simu, na wakamshauri mwathirika awatafute ili apate chanjo. Yaani mwizi anaiba halafu anakuachia kadi ya biashara! Simu zikaanza kuita kutoka ng'ambo. Mwaka 2011, miaka 25 baadaye, mtaalamu wa usalama wa kompyuta kutoka Finland, Mikko Hyppönen, alifunga safari hadi Lahore akiwa na anwani ile ile, na akawakuta.

Watu wengi huishia hapo, kwenye kadi ya biashara. Mimi kilichonivutia ni jinsi Brain ilivyofanya kazi. Disketi za zama hizo zilikuwa na sehemu ya mwanzo kabisa ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa. Brain ilikaa pale. Ile sehemu halisi iliihamishia kwingine kwenye disketi, mahali ilipopawekea alama kwamba pameharibika ili pasiguswe. Sasa wewe mjanja ukataka kuikagua sehemu ya mwanzo, Brain ikiwa tayari imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ilidaka swali lako njiani na kukuonyesha ile nakala safi iliyofichwa. Unaangalia kwa macho yako mawili, unaona kila kitu shwari.

Dawa yake ilikuwa rahisi, lakini ilitaka nidhamu. Unazima kompyuta kabisa, kwa swichi, maana baadhi ya virusi vya wakati huo viliweza kuponea pale mtu alipobonyeza Ctrl-Alt-Del tu. Halafu unaiwasha kwa disketi nyingine unayojua ni safi, na ambayo umeziba lile pengo dogo la pembeni kwa kibandiko ili isiandikwe chochote. Ukiwashia kwenye disketi hiyo, Brain haimo kwenye kumbukumbu, haina wa kumdanganya. Ndipo unaona ukweli.

Nakuomba ukumbuke disketi hiyo yenye kibandiko. Tutaikuta tena huko mbele, ikiwa imebadili nguo tu.

Kwa nini hakuna dawa ya vyote

Wakati Brain inaanza safari, Mmarekani mmoja aliyekuwa mwanafunzi, Fred Cohen, alikuwa tayari ameandika mwaka 1984 kuhusu programu zinazojinakili na kujibandika kwenye programu nyingine. Akatoa hoja ambayo mpaka leo wauzaji wa antivirusi hawaipendi sana. Hoja yenyewe, kwa lugha ya kijiweni, ni hii: tuseme una programu inayotambua kila kirusi bila kukosea. Mimi nitatengeneza kirusi ambacho kabla ya kufanya lolote kinaiuliza programu yako, "Je, mimi ni kirusi?" Ikijibu ndiyo, kinatulia na hakisambai, kwa hiyo imekosea. Ikijibu hapana, kinasambaa, imekosea tena. Basi. Hakuna, na haitakuja kuwepo, programu ya kutambua virusi vyote bila kukosea.

Hata hivyo biashara ilianza. Mwaka 1987 Mjerumani Bernd Fix alitengeneza programu ya kuondoa kirusi kilichoitwa Vienna, na hiyo hutajwa kuwa miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za kuondoa kirusi zilizoandikwa kumbukumbu. Mwaka huo huo John McAfee alianzisha kampuni yake Marekani. Njia ya programu hizo ilikuwa kama ya polisi mwenye picha za wahalifu: kirusi kikijulikana, alama zake zinawekwa kwenye orodha, programu inapita faili moja moja ikilinganisha. Ni njia nzuri, ila ina kasoro mbili. Mhalifu mpya hana picha. Na polisi akiwa anaishi nyumba moja na mhalifu, mhalifu anaweza kumfunga kitambaa machoni.

Daktari asiyepiga hodi

Kuna watu waliowaza njia ya mkato: kama kirusi kinasambaa chenyewe, kwa nini dawa nayo isisambae yenyewe?

Wazo hilo ni la zamani kuliko Brain. Mwaka 1971, kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, Bob Thomas alitengeneza Creeper, programu ya majaribio iliyohama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ikiacha ujumbe wa kujitambulisha. Ray Tomlinson, yule yule aliyetupatia alama ya @ kwenye barua pepe, akatengeneza Reaper ya kuifuata na kuifuta. Ilikuwa ni kazi ya maabara, ya watu waliofahamiana.

Mwaka 2003 mchezo ukatoka maabara. Mnamo Agosti 11 ulionekana mnyoo wa Blaster. Mnyoo wa kompyuta, kwa wasiojua, ni programu inayosambaa yenyewe mtandaoni bila kusubiri wewe ubofye kitu. Wenye Windows XP wa siku zile hawatausahau: uko katikati ya kazi, dirisha linatokea, saa inahesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kompyuta inajizima. Kiraka cha tundu ulilolitumia kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Julai 16. Wengi hawakukiweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo hivyo.

Siku chache baadaye likaja jambo la ajabu: mnyoo mwingine, Welchia, unaoingia kwa tundu lile lile, unaifuta Blaster, halafu unashusha kiraka cha Microsoft na kukiweka! Ulipangwa hata ujifute wenyewe mwaka 2004 ukiingia. Unaweza kusema huyu ni msamaria mwema. Lakini Welchia ulipokuwa ukitafuta wagonjwa wa kuwatibu ulijaza mitandao kwa maswali hadi ikalemewa, na uliwasha upya kompyuta za watu bila ruhusa yao. Tena mwenye kompyuta hakuwa na namna ya kujua huyu mgeni amefanya nini kingine. Ukimkuta mtu sebuleni usiku wa manane anadeki, hutasema ahsante. Utauliza ameingiaje.

CD ya muziki

Mwaka 2005 uongo ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Mark Russinovich, bingwa wa Windows nchini Marekani, alikuwa anaijaribu kwenye kompyuta yake programu aliyoitengeneza yeye na mwenzake. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuiuliza kompyuta swali moja kwa njia mbili. Kwanza inaiuliza Windows: "Nipe orodha ya faili zote." Halafu inakwenda yenyewe kusoma diski moja kwa moja, bila kupitia kwa Windows. Orodha mbili zikitofautiana, kuna anayeficha kitu.

Zilitofautiana. Alipofuatilia akakuta chanzo ni CD ya muziki ya Van Zant, aliyoinunua kihalali, iliyotolewa na Sony BMG. CD hiyo iliweka kwenye kompyuta programu ya kuzuia kunakili, na kitu chochote ambacho jina lake lilianza na $sys$ kilifichwa, hata Windows yenyewe isikione. Wataalamu huiita mbinu hiyo rutkiti. Oktoba 31, 2005 akaandika hadharani, na moto ukawaka. Bosi mmoja wa kampuni hiyo alihojiwa redioni akajibu kwa maana kwamba watu wengi hata hawajui rutkiti ni nini, sasa kwa nini iwahangaishe?

Jibu lilikuja haraka. Watengenezaji wa virusi wakaanza kuzipa faili zao majina yanayoanza na $sys$ ili zifichwe bure. Na aliyejaribu kuichomoa programu ile kwa mikono aliweza kujikuta kompyuta haioni tena kifaa cha kusomea CD. Ilikuwa imejifunga kwenye mshipa. Kampuni ililazimika kuziondoa CD hizo sokoni.

Tazama Russinovich alivyoshinda. Hakuwa na picha ya mhalifu kwenye orodha yoyote. Aliuliza vyanzo viwili na kulinganisha majibu.

Conficker

Sasa tufike kwa baba yao. Oktoba 23, 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura, nje ya ratiba yake ya kawaida ya mwezi. Mwezi uliofuata ukaonekana mnyoo unaotumia tundu hilo hilo: Conficker. Ulienea katika nchi zaidi ya 190 na kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta, za majumbani, za ofisi na za majeshi. Jeshi la majini la Ufaransa na wizara ya ulinzi ya Uingereza viliguswa mwanzoni mwa 2009.

Toleo lake la mwishoni mwa Desemba 2008 ndilo lililowaliza watu wa kawaida. Liliongeza milango miwili. Wa kwanza ni kubahatisha maneno ya siri: lilibeba orodha ya maneno mepesi kama 123456 na admin, na kuyajaribu kwenye kompyuta za jirani ndani ya mtandao. Wa pili ni flashi. Ukichomeka flashi, Windows ya wakati huo ilikuletea dirisha la kuuliza unataka kufanya nini. Conficker uliweka humo chaguo lake lenye picha ya folda ya manjano na maneno ya kukualika ufungue uone faili zako. Unabofya ukidhani unafungua folda, kumbe umemfungulia mgeni mlango.

Ukishaingia, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuziba midomo. Ulizima huduma ya Windows ya kujisasisha. Ulifuatilia majina ya tovuti unazotaka kufungua, na jina likiwa na maneno kama microsoft, kaspersky, symantec au hata virus, tovuti haikufunguka. Toleo lililofuata, la Machi 2009, lilizidi: kila sekunde lilikagua programu zinazoendeshwa, likiona jina la chombo cha kuondoa virusi linakizima, na liliua ile njia ya kuwasha Windows kwa hali ya usalama. Fikiria mgonjwa ambaye ugonjwa wake unamkatia simu kila anapompigia daktari.

Hapo ndipo ninapompenda Joe Stewart, mtafiti wa usalama wa Marekani. Alitengeneza ukurasa mmoja mwepesi, wenye nembo kadhaa za picha zilizopangwa kwa safu, kama chati ile ya kupimia macho hospitali. Baadhi ya picha zilitoka kwenye tovuti ambazo Conficker huzizuia, nyingine kwenye tovuti ambazo haizigusi. Unafungua ukurasa, unaangalia. Ukiziona zote, pengine uko salama. Ukiona safu moja tu na nyingine haipo, unao. Huhitaji kuskani wala kuweka programu. Ule ule uongo wa mnyoo ulifanywa kuwa ushahidi dhidi yake.

Kulikuwa na vita nyingine kubwa zaidi. Conficker ulipokea amri kwa kutafuta majina ya tovuti unayoyatunga wenyewe kila siku, 250 mwanzoni. Februari 2009 Microsoft na washirika wake wakatangaza umoja wa kuyawahi majina hayo kabla hayajasajiliwa na wenye mnyoo, pamoja na zawadi ya dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata. Wenye mnyoo wakajibu kwa toleo la majina 50,000 kwa siku, likianza Aprili 1, kwenye vikoa vya nchi zaidi ya 100. Watu ambao kwa kawaida ni washindani, kampuni, vyuo na wasajili wa majina wa nchi mbalimbali, walilazimika kufanya kazi pamoja, na kwa sehemu kubwa walifanikiwa kuunyima mnyoo amri. Ila kuunyima amri si kuutoa kwenye mashine. Kazi hiyo ilibaki kwako wewe na fundi wako.

Na kwetu?

Conficker ulipoanza, Afrika Mashariki bado tulikuwa tunategemea setilaiti kwa intaneti. Kebo ya SEACOM iliwashwa Julai 2009, miezi minane baadaye. Kabla ya hapo, kifurushi kikubwa cha viraka cha Windows XP, kile cha pili cha 2004, kilikuwa na ukubwa wa takriban MB 266. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, hata ikienda kasi yake yote bila kukatika, ni zaidi ya saa 10. Nani angelipia saa 10 za intaneti kafe ili kuziba tundu asiloliona? Ongeza na Windows za kunakili, ambazo wenyewe walizima masasisho wakiogopa ujumbe wa kuambiwa ni feki, ingawa viraka muhimu vya usalama vilipatikana hata kwa nakala hizo.

Na faili zetu zilisafiri kwa miguu. Kazi ya chuo, picha za harusi, nyimbo, vyote vilipita kwenye flashi, kutoka stationery kwenda hosteli, kutoka hosteli kwenda ofisini. Ndiyo maana "kupiga Windows upya" ikawa tiba ya taifa. Unampelekea fundi, anafuta kila kitu, anarudisha mashine inang'aa. Jioni unachomeka flashi ile ile. Ugonjwa unarudi, na unamlaumu fundi. Picha za mtoto zimepotea, kirusi kimebaki. Hiyo ndiyo hasara hasa ya kutibu bila kuelewa.

Disketi yenye kibandiko

Mlango wa flashi ulizibwa. Windows 7 ya mwaka 2009 ilikataa flashi kujianzisha yenyewe, na Februari 2011 Microsoft ikapeleka badiliko hilo kwa XP na Vista. Lakini ule uongo haujaisha. Mwaka 2018 kampuni ya ESET ilitangaza LoJax, iliyojificha kwenye chipu ya ubao mama. Hapo hata ukibadili diski nzima haitoki. Usiogope sana, hiyo ililenga taasisi za serikali huko Ulaya, siyo sebule yako.

Kwa sebule yako, utaratibu ni ule ule wa 1986. Chomoa intaneti na flashi zote. Kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, tengeneza flashi ya uokoaji, zipo za bure, halafu washa mashine yako kwa hiyo. Windows za sasa zina hata chaguo la kuskani nje ya mfumo: inajizima, inawaka kwenye mazingira ya pembeni, inakagua wakati Windows yenyewe imelala. Hiyo ndiyo disketi yetu yenye kibandiko. Hifadhi nyaraka na picha, siyo programu. Safisha, ziba tundu kwa kuweka masasisho kabla ya kurudi kwenye shughuli zako mtandaoni, kagua na flashi zote za nyumbani, za dada, za mpangaji mwenzako. Maneno ya siri ya barua pepe na benki yabadilishe ukiwa kwenye mashine nyingine. Ukipiga Windows upya, sawa, lakini iwe ndani ya mpangilio huo, siyo badala yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukinipigia tena kusema umeskani na kompyuta imesema iko safi, nitakuuliza swali moja tu: nani mwingine amesema hivyo?

Kazi kwenu wadau.